Nasikia Vibaya

Mimi napenda kuongea. Hiyo niseme mapema, kwa sababu watu wangu wakiambiwa ati kelele inaniumiza, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Jirani yangu aliniuliza, "Wewe? Wewe mwenye tunakusikia kutoka barabarani ukisalimia kuku?" Nikamwambia ndiyo, mimi. Kelele yangu mwenyewe najua inaanzia wapi na itaishia wapi. Ya wengine ndiyo shida.

Na si kelele yote. Mvua ikipiga mabati nalala kama mtoto. Jogoo, ng'ombe, watoto wakikimbizana, hiyo yote ni sawa. Lakini spika! Jenereta! Pikipiki yenye imetolewa salensa! Kijiko ikikwaruza sufuria! Na mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi, ndiyo mama yao wote. Ikianza tu, moyo inaruka, mikono inakuwa maji, na miguu inataka kwenda. Kwenda wapi? Haijui. Inataka tu.

Niliishi hivyo miaka kadhaa hapa nyumbani upande wa Ndhiwa, nikajipanga. Mahindi yangu ya kusaga nampa jirani anipelekee, nasema mgongo inauma. Kanisani nakaa karibu na mlango, nasema natafuta hewa. Sahani za bati nikagawa, nikabaki na za plastiki, nasema ni nyepesi kuosha. Pamba naweka masikioni, nafunga kitambaa juu. Yaani nilikuwa na uongo mingi kuliko nguo. Na hakuna mtu alijua, isipokuwa mjukuu wangu mmoja wa kike, mwenye nilimlea tangu aache kunyonya, kwa sababu mama yake anafanya kazi Homa Bay. Huyo alijua sipendi kelele. Lakini hakujua ni kiasi gani.

Sisi tunaitana nyieka, yaani mke mwenza. Kwetu Wajaluo bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, kwa sababu babu ni bwana ya wote wawili. Akikasirika tu ndiyo ananiita Dana, bibi yangu. Nikisikia Dana najua leo kuna kesi.

Sasa nyieka akapata bwana. Mwalimu, Mkuria, kutoka upande wa Kegonga. Mimi nilifurahi, yawa, jamani! Kijana mrefu, mpole, anasalimia na mikono miwili. Siku ikapangwa watu wake waje watuone. Tukapika tangu asubuhi. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mzee wangu, akataka kutuheshimisha, akaleta spika mbili kubwa kama kabati, na jenereta. Hakuniuliza. Kwani angeuliza nini? Mimi niliambia watu mgongo ndiyo inauma.

Wageni wakafika, nikawasalimia vizuri. Mama ya kijana akakaa karibu na mimi, mama mnene mwenye macho ya kucheka. Yeye hajui Dholuo, mimi sijui Kikuria, tukaanza na hii Kiswahili yetu ya sokoni. Chakula ikaletwa. Na hapo ndiyo jenereta ikavutwa kamba.

Nilijaribu, Mungu ananiona. Nilishika kiti na mikono yote. Huyo mama akaniinamia, anasema kitu, naona tu mdomo inaenda, inaenda. Nikasimama, yeye bado yuko katikati ya maneno yake, nikatoka. Nikapita nyuma ya nyumba, nikaingia kwa mahindi, nikakaa chini huko ndani nimeziba masikio kama mtu anajificha simba. Sijui nilikaa muda gani. Jenereta iliponyamaza, nikatoka. Wageni walikuwa wameenda.

Mwenye hajui kwetu hataona ubaya hapo. Lakini mgeni wa aina hiyo unamsindikiza mpaka kwa lango, polepole, mkiongea. Ukimuacha aende peke yake umemwambia bila kufungua mdomo: usirudi.

Nyieka alikuwa anaosha vyombo, hakuinua kichwa. "Dana," akasema, "umeniharibia."

Na kweli. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Harusi ikawa haizungumzwi. Mwisho kijana akamwambia ukweli: mama yake amesema harudi kwa boma yenye bibi ya msichana hataki kumuona. Nyieka akaacha kula. Akitembea kwa nyumba, anatembea kama mtu amebeba maji kichwani. Na yote ni kwa sababu ya masikio yangu!

Binti yangu, mama yake, aliposikia nilitoroka wageni akasema mimi ni mgonjwa, akaja akanichukua tuende hospitali moja huko Homa Bay. Kwa dirisha nikamkuta karani kijana, ameshika kalamu.

"Shida ni nini, mama?"

"Nikiwa kwa kelele, nasikia vibaya."

Akaandika. Sasa sikiliza. Kwa lugha yetu kusikia ni moja. Sikio inasikia, tumbo inasikia, roho inasikia. Ukiwa na homa unasema awinjo marach, nasikia vibaya, na hakuna mtu ataangalia masikio yako. Mimi nilikuwa nasema roho. Karani akaandika sikio. Kutoka hapo, kila mtu mwenye alishika hiyo karatasi alinipigia kelele.

"MAMA! KUJA HUKU! UNASIKIA?"

"Nasikia vibaya!"

"VIBAYA KIASI GANI?"

"Vibaya sana, na wewe ndiyo unazidisha!"

Binti yangu alikuwa ameenda kununua maji, hakuwa hapo kunisaidia. Wakanikalisha, wakaniosha masikio na maji ya vuguvugu. Ikatoka kitu kama njugu mbili. Nikashangaa, nikataka kwenda nayo nyumbani nionyeshe watu. Halafu wakanivalisha zile za kufunika masikio, wakaniambia nikisikia mlio niinue mkono. Nikainua, nikainua, nikainua. Hata sijui kama kuna mlio sikuinulia mkono. Fundi wa masikio akaangalia mashine yake, akaniangalia.

"Mama, hii masikio ni ya msichana."

"Sasa umenisaidia na nini?"

Nikatoka nje. Ole wangu! Hapo awali nilikuwa na uchafu kidogo ya kunisaidia, sasa hata hiyo imetolewa. Pikipiki za Homa Bay zote ziliingia kichwani mwangu na honi zao. Mama wa samaki anaita wateja ng'ambo ya barabara, ni kama ameniingia ndani ya gauni. Nikakaa chini karibu na ukuta, nikalia. Binti yangu akanikuta hivyo, na mimi kwa kulia nikaanza kumweleza njugu mbili, nikacheka, nikalia tena. Hapo ndiyo alielewa shida si masikio. Akanishika mkono tukarudi ndani, tukatafutiwa mama mmoja mwenye kazi yake ni kuongea na watu tu. Chumba chake kiko mwisho, kimya. Akanifungulia mlango, akauliza kwa Dholuo, "Iwinjo marach kanye, mama?" Unasikia vibaya wapi?

Nikachukua mkono wake nikaweka hapa kifuani.

Nilimweleza vitu sijaeleza mtu. Siku mzee wangu alianguka nyuma ya nyumba, mchana kabisa, mimi nikapiga nduru, ile kilio ya kuita watu. Nilipiga kwa nguvu yote. Lakini kwa jirani mwingine mashine ya posho ilikuwa inanguruma, hakuna mtu alisikia. Walikuja mashine ilipozimwa, na mzee alikuwa ameenda. Huyo mama hakuniambia ni hiyo tu ndiyo imeleta. Alisema inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa na zingine, lakini nina wasiwasi, na wasiwasi ikikaa kwa mwili, masikio yanafanya kazi ya mlinzi hata mahali hakuna mwizi. Aliniambia nipumue polepole, kutoa pumzi iwe ndefu kuliko kuingiza. Aliniambia pamba nisivae siku nzima, masikio yakizoea kimya yatazidi kuogopa. Nikizidiwa nitoke kidogo halafu nirudi. Na akaniambia, "Waambie watu wako. Ukinyamaza watajijibu wenyewe."

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu. Kwa sababu mtu akitaka kuoa, watu wake wanauliza: kuna kifafa kwa hiyo boma? Kuna wazimu? Nikinyamaza, wakwe wataona nimewakataa. Nikisema, watajua bibi ana ugonjwa ya kichwa, na labda mtoto amerithi. Yaani kila mlango una mbwa.

Nikapigia mama ya kijana simu huko Kegonga. Kwa mkwe hauendi bila kualikwa, hata wao wana heshima yao, kwa hivyo nikamwomba tukutane Migori siku ya soko. Akasema, "Sawa. Nitakuja nikusikie."

Tukaingia kwa hoteli ya chai. Wapi! Televisheni iko ukutani, imefunguliwa mpaka mwisho, mtu anaimba kama anachomwa. Nikapumua venye nilifunzwa. Mkwe akaagiza chai, akatia sukari, akaanza kukoroga. Krr, krr, krr. Anakoroga akiniangalia, anangoja niseme. Krr, krr. Nikajikuta nimemshika mkono, kijiko na yote.

"Mkwe, nisamehe. Hii kijiko itaniua."

Akaangalia mkono wangu. Ulikuwa umelowa maji.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Nasikia vibaya. Kelele ikiwa mingi, roho inasikia vibaya, nakimbia. Ile siku nilikimbia jenereta. Nilikuwa kwa mahindi."

"Kwa mahindi?"

"Ndani kabisa."

"Hukukimbia sisi?"

"Nyinyi nilikuwa nataka kuwakalia karibu mpaka jioni!"

Halafu mabega yake ikaanza kutingika. "Eh, mama! Sisi tulisema huyu bibi ana kiburi. Ametuwekea samaki mzima, hiyo samaki inatuangalia na macho, sisi hatujazoea hiyo, halafu yeye ametoroka. Bwana yangu alisema ulikuwa unapima kama tutakula kichwa!"

"Na mlikula?"

"Nani? Tulimfunika na ugali!"

Tulicheka mpaka mama wa hoteli akakuja kuangalia. Mkwe akamwambia apunguze televisheni. Mama wa hoteli akasema wateja wanaangalia. Mkwe akabeba vikombe vyote viwili mwenyewe, akasema twende, tukakaa nje nyuma ya jikoni juu ya madebe, mahali wanachambua mboga. Na hapo akaacha kucheka.

"Sasa niambie kama mama mwenzangu. Hii kitu, mtoto wetu anayo?"

Ningeweza kusema hapana haraka haraka. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo. "Naona hana," nikasema. "Watoto wangu ni sita na wote wanapenda disko. Lakini kesho yake siijui. Hospitali waliniambia ni woga, labda ulinishika siku mzee aliniacha. Huyo msichana akikosa harusi kwa sababu yangu, mkwe, sitajua mahali ya kuweka uso wangu."

Akakunywa chai yake pole pole, bila kukoroga. Aliangalia huku na huku kama kuna mtu anasikiliza.

"Mimi siwezi kufungiwa mlango," akasema. "Tangu niwe msichana. Choo yangu haina mlango, ina pazia. Bwana yangu anadhani ni ubahili. Miaka yote hiyo naimba nikiwa huko, watu wajue kuna mtu."

Yawa, nilimpenda huyo mama!

Harusi ikawa. Kanisani nilikaa karibu na mlango, na safari hii niliambia watu kwa nini. Wengine walicheka, wacha wacheke, mmoja alikuja pembeni akaniambia hata yeye ni hivyo hivyo na sauti ya mbwa. Kwa hema, hapa kwangu, shemeji aligeuza spika zitazame barabara, lakini spika ni spika. Nilitoka mara ya kwanza, nikarudi. Nikatoka ya pili, nikarudi nikacheza hata, mashahidi wapo. Ya tatu mwili ikakataa. Nikasikia mkwe anawaambia wamama, "Mwacheni, anaenda kupumua," nikaingia kwa nyumba yangu nikalala juu ya kitanda na viatu.

Nilijua keki itakatwa bila mimi. Iliniuma kidogo, sitasema haikuniuma. Halafu mlango ukafunguka, gauni nyeupe ikaingia kwanza, nyieka akafuata nyuma yake.

"Songa, nyieka."

"Rudi kwa wageni wako!"

"Songa kwanza." Akajitupa hapo karibu na mimi, akaanza kunisimulia: shemeji amecheza mpaka mshipi umekatika, mchungaji ameomba mpaka wali ukapoa, shangazi fulani amevaa nguo sawa na mama wa kijana. Mimi nimelala tu nasikiliza, kwa mara ya kwanza ni mimi nasimuliwa. Mkwe naye akaingia kumtafuta, akasikia hiyo. Mlango akauacha wazi kabisa, akakaa kwa miguu yetu, akasema si shangazi amemuiga yeye, ni yeye amemuiga shangazi, na akaanza kueleza kitambaa ilinunuliwa wapi.

Nje mwenye kipaza sauti akaita, "Bibi harusi anatafutwa! Bibi harusi!" Akaita tena. Akaita ya tatu, na ukuta ukatetemeka kidogo.

"Wanakuita," nikasema.

"Nasubiri amalize ya kitambaa," nyieka akasema.

Na mkwe alikuwa bado hajafika hata kwa fundi wa kushona.