Wazee Watatu Ukutani kwa Bwana Chen

Majongoo ya bahari yakichemshwa hutoa harufu ambayo sijapata kuieleza vizuri kwa mtu asiyezaliwa pwani: chumvi, mpira unaoungua, na kitu kama soksi za mwalimu wetu wa hesabu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, harufu hiyo ilitanda uani kwetu Mocímboa da Praia, mji wa pwani ambako shule ni kwa Kireno, msimu mzima, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa amempangisha chumba cha nje Bwana Chen, Mchina aliyeyanunua majongoo kwa wazamiaji, akayachemsha, akayakausha kwa moshi na kuyasafirisha kwao, ambako, alituapia, watu huyala kwa hiari yao. Asubuhi harufu ile ilipambana na nyingine, nyembamba na tamu, ya vijiti vya udi alivyochoma chumbani mwake. Hiyo bibi aliipenda. Alisema mtu anayefukiza chumba chake kila siku hawezi kuwa mshenzi.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa wa kwanza chuoni, kwenye Kurani, na wa kwanza pia shuleni kwenye Kireno, na mtoto wa kwanza kila mahali huwa na mdomo. Siku moja nilichungulia chumbani nikaona kwamba udi ule unafukizwa mbele ya picha ya wazee watatu: mmoja amepanda ng'ombe, mmoja amevaa kama hakimu, mmoja ameketi kakunja miguu na kufumba macho. Nikamwuliza Bwana Chen, kwa Kireno, hao ni akina nani. Alifurahi kuulizwa. Yule wa ng'ombe, Laozi, ni mwalimu wa Tao, yaani Njia: ile iliyozaa mbingu na nchi, isiyo na jina wala sura, isiyomwamrisha mtu. Anayeifuata haisukumi dunia kwa nguvu. Anakwenda kama maji yanayolizunguka jiwe bila kugombana nalo. Wa pili, Konfusio, alifundisha kuheshimu wazazi na kuweka utaratibu nyumbani na serikalini. Wa tatu, Buddha, alitoka India, akafundisha namna ya kuyavuka mateso. Nikamwuliza yeye ni wa nani. "Wote watatu," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama anakula wali au samaki.

Jioni ileile nilimweleza maalimu wangu, kwa fahari ya mtu aliyevumbua kisiwa. Wiki haikuisha, wanawake wa mtaa wakamtumia bibi habari kwamba hawataingia kusoma maulidi kwenye ua wenye masanamu. Nyumba ilikuwa ya bibi, maulidi yalikuwa yake, na uamuzi ulikuwa wake. Bwana Chen hakuwa na pa kwenda isipokuwa banda lake la kukaushia majongoo, lisilo na kuta, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Bibi alinitania kwa kuniita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyowafanyia wajukuu wa kike. "Haya, mke mwenzangu," akasema, "moto umeuwasha wewe. Njoo unitafsirie."

Tukaketi mlangoni kwa Mchina. Bibi akataka kujua anamwabudu nani. Bwana Chen akaeleza Njia yake kwa kirefu, na hapo mimi nikaona upenyo. Bibi alikuwa mtu wa twarika, yaani njia ya masufi, hakosi dhikiri ya Alhamisi.

"Anasema ana njia yake, bibi. Kama twarika."

"Ala! Sheikh wake nani?"

"Huyo wa ng'ombe."

"Naye aliipokea njia hiyo kwa nani?"

Nikauliza. Bwana Chen akafikiri, akajibu kwa Kireno kwamba hakupokea kwa mtu. Nikamgeukia bibi: "Kwa masharifu wa kwao, watu wakubwa sana."

Bibi akanitazama. "Mwenzio kasema maneno mawili, wewe umeniletea mkeka mzima. Unamsaidia yeye au unajisaidia wewe?"

Swali hilo hadi leo najiuliza.

Bibi alikuwa mwosha maiti wa mtaa, kwa hiyo akauliza alilolijua. "Muulize mama yake yu hai?" Alikuwa amekufa. "Walimfanyaje?" Bwana Chen akaeleza polepole, nami safari hii sikuongeza chochote. Dada zake walimwosha. Yeye, kifungua mimba, alikwenda mtoni kuchota maji ya kumwoshea. Wakavaa nyeupe, wakapiga magoti kwa kufuata umri, kama Konfusio anavyotaka. Watawa wa Buddha wakasoma. Kuhani wa Utao akachagua siku na kuifungulia roho barabara.

"Huyu si mwenzetu wa dini, usinidanganye tena," bibi akasema. "Lakini amefundwa. Akae. Siku ya maulidi afunge mlango wake, na majongoo yake yasichemke."

Wanawake walikuja nusu. Bibi alisema ni vizuri, pilau itatosha, akampelekea Mchina sahani mwenyewe.

Leo nafundisha chuo kikuu Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa, na kila mwaka nina saa mbili za kuzimaliza dini za China. Sasa najua kwamba wafuasi wa wazee wale waligombana karne nyingi, huku wakiazimana sala, miungu na hata mavazi, na familia za kawaida zikawatumia wote bila kuona tabu. Najua pia kwamba Utao una makuhani wanaopokezana elimu kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Hilo halinisafishi, maana sikuwa nalijua.

Mtaa wetu umeungua vitani. Wapiganaji walioushika walikuwa na swali moja tu, wewe ni dini gani, na kwa jibu lake mtu aliachwa au aliuawa. Bibi alikuwa amekwisha kufa, hakuyaona hayo. Wanafunzi wangu nao huuliza Wachina hasa ni dini gani, kalamu zikiwa tayari, na mimi hutaka kuwaambia kwamba hilo ni swali la kwanza tu. Lakini la pili, lile la bibi la mama walimfanyaje, linahitaji mtu aliyekwisha kuosha wafu wa jirani zake, na mimi maisha yangu yote nimefuta ubao.