Petroli ya Boti Iliyonivua Nguo

Sijui nitamtazama Salim usoni vipi tena. Salim ndiye aliyekuwa akiendesha boti ya Bwana Harjit, mwajiri wetu hapa Naivasha; mimi ni msimamizi wa nyumba yake kando ya ziwa. Msimu huu wa likizo boti ilikunywa petroli kupita kiasi, na mimi, niliyewahi kuendesha pikipiki tu, nikajifanya mpelelezi.

"Boss, Salim anauza mafuta," nikamwambia Harjit.

Salim aliapa. "Ziwa limejaa magugu, ndugu yangu. Injini inalazimika kusukuma sana."

Nilimcheka mbele ya wafanyakazi wote. Akafutwa kazi, akahama na mkewe mjamzito.

Jumapili iliyopita Harjit alitaka kumtembeza mama yake mzazi ziwani. Nilijitolea kuendesha. Nilijaza tangi mimi mwenyewe, nikajigamba kwamba mafuta hayo yangetosha wiki nzima. Tulipofika katikati ya magugu boti ikakataa kusonga. Nilizidi kuongeza moto, injini ikanguruma, na sisi tukasonga kama kobe. Nikang'ang'ana hivyo hadi ikakohoa na kuzima. Viboko walikuwa wametoa vichwa majini karibu nasi. Yule mama akaanza kusali kwa sauti.

Harjit alifungua tangi, akachungulia, kisha akanigeukia.

"Limekauka. Ulijaza wewe, umeendesha wewe. Sasa niambie, Salim ameuza mafuta saa ngapi?"

Nilitoa simu kumpigia Salim palepale. Hakuwa akipatikana.