Mbuzi wa Jokébed si wa Kuliwa

Ukungu wa Butembo bado umelala juu ya mabati ya soko, na Jokébed Vagheni tayari anatwanga sombe. Mchi ameushika kwa mkono wa kushoto, huo huo mmoja. Wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko. Kipande kilichobaki amekikandamiza kwenye ukingo wa kinu ili kinu kisiyumbe, maana majani ya muhogo hayapondeki kwenye kinu kinachocheza.

Kiunoni amejifunga kamba. Upande wa pili wa kamba kuna mbuzi mwekundu, mnene, anayetafuna majani ya viazi vitamu na kumvuta mwenye kamba huku na huku kila anapoona jani jingine.

“Mama Précieux, huyu mbuzi njo bwana yako sasa?” anamtania muuza chumvi wa meza ya jirani.

“Bwana yangu iko Manguredjipa,” anajibu bila kusimamisha mchi. “Huyu ni avoka yangu.”

Watu wanacheka. Yeye hacheki. Avoka ni wakili, na Jokébed, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na watoto wanne, hana wakili mwingine katika mji huu.

Mteja anafika, bibi wa makamo aliyevaa kitenge kipya. Jokébed anafunga sombe katika jani la mgomba na kumnyooshea. Bibi anasita, mkono wake ukibaki hewani. Hapa kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na hata mwenye kuona sababu kwa macho yake hushtuka kwanza.

“Unisamehe mukono, mama,” Jokébed anasema.

Maneno hayo huyasema kutwa nzima, kwa kila anayenunua, utadhani mkono aliutupa mwenyewe kwa uzembe.

“Kila siku miye njo naomba musamaha,” analiambia gazeti hili, sauti ikipanda. “Ule mwenye aliniharibia, yeye hajaomba hata siku moja. Hata moja!”

Anayemsema ni Phinées, mfanyabiashara mwenye depo ya kahawa na malori yanayopita Beni kwenda mpaka wa Uganda. Katika depo hiyo Jokébed alikuwa mchambuzi wa kahawa, kazi ya wanawake. Wanakaa chini na ungo, wanatoa punje mbovu, na jioni wanalipwa hela ya chumvi na kipande cha sabuni.

Mwaka 2000 vita vikamwondoa kwenye ungo. Askari walikuwa wakikamata wanaume barabarani na kuwabebesha mizigo yao hadi porini, wengine wasirudi. Wanaume wa mashine ya kukoboa kahawa wakakimbilia mashambani. Mashine ikabaki bila watu, na Phinées, patron wao, akawanyooshea kidole wanawake.

Mashine hiyo ilizungushwa na mkanda mrefu kutoka kwenye injini. Bati lililoufunika mkanda lilikuwa limeng'olewa kwenda kuziba mlango wa lori. Mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa, ukiteleza kila mara, na dawa yake ilikuwa kuurushia majivu ili ushike. Majivu hayo yalirushwa huku mkanda ukikimbia.

“Patron alisemaka: hapana zima mashine, mazutu itapotea,” anasimulia Berthe, aliyekuwa akichambua kahawa hatua chache kutoka pale. Mazutu ni mafuta ya injini, na vita vilikuwa vimeyafanya ghali. “Donc mazutu ilikuwa na bei. Sisi hatukukuwa na bei.”

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Jokébed alirusha majivu, mkanda ukanasa mkono wa sweta lake, na sweta halikukatika. Yaliyofuata Berthe hawezi kuyasema. Anajifunika uso kwa kitenge na kutikisa kichwa.

Patron alipofika aliuliza swali moja, na wote waliokuwapo wanalikumbuka: “Nani alimwambia avae triko?”

Triko, yaani sweta! Baridi ya Butembo ya asubuhi nani haijui? Siku hiyo Phinées mwenyewe alikuwa ndani ya koti.

Lakini si swali hilo linalomfanya Jokébed asage meno hadi leo. Ni mbuzi.

Kwa desturi ya huku, mtu akimwumiza mwenzake huleta mbuzi kwa familia ya aliyeumia. Mbuzi huchinjwa, pande mbili hula pamoja na kunawa katika beseni moja, na hapo neno limekwisha. Atakayelifufua baadaye anaonekana mchochezi. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi kumwagika kati ya majirani.

Jokébed akiwa bado hospitali, hajitambui vizuri, Phinées alipeleka mbuzi nyumbani kwake, pamoja na mchele na kreti za soda. Mume wa Jokébed alikuwa Manguredjipa akitafuta dhahabu, na mapigano yalikuwa yamefunga njia. Aliyepokea kamba ya mbuzi ni Gamaliel, kaka mkubwa wa mume. Hakumwuliza mgonjwa. Wanaume walikula, wakanawa, wakaombeana heri na kuagana.

Wakakumbuka kumwekea mwenye jeraha bakuli. Berthe ndiye aliyelipeleka, akiamini kwamba ukoo umeguswa na kumchinjia mgonjwa wao.

“Nilikula,” Jokébed anasema. Mchi umesimama. “Nilikuwa na njaa, Berthe akanilisha kidogo kidogo sawa mutoto. Nikasema wasingya, aksanti, mubarikiwe. Hakuna mutu aliniambia ile nyama ni ya nini. Nilikula mukono yangu miye mwenyewe, na nikasema aksanti!”

Alipotoka hospitali alikwenda depo kuuliza fidia yake. Phinées alimjibu kutoka barazani, bila kushuka ngazi: “Mbuzi mulikula na nani?” Jokébed hakuelewa. Alirudi nyumbani, akamwuliza Gamaliel. Shemeji akatazama miguu yake. Ilikuwa ndani ya buti mpya za mpira, maana tangu wiki ile alikuwa mlinzi wa depo ya Phinées.

“Nilitaka kumupiga na ile buti,” anasema Jokébed.

Alianza kuhangaika. Alipanda juu ya magunia ya makaa hadi Beni, kizuizi baada ya kizuizi, kila askari akitaka chake, kwa sababu aliambiwa kuna bwana katika ofisi moja anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Bwana alikuwepo, na tai yake. Alimsikiliza, akamwambia sheria ya kazi iko Kinshasa, na Kinshasa iko upande wa pili wa vita. “Vita ikiisha, urudi, mama.” Kana kwamba mkono uliokatika unasubiri amani ndipo uume!

Mlango uliobaki ulikuwa baraza la wazee wa kitongoji. Nalo likamkumbusha mbuzi. Alipokataa kuondoka, mzee mmoja, akitaka kumaliza kikao watu wakale, alisema kwa mzaha: “Neno limeliwa, mama. Labda mumurudishie mbuzi wake, akiwa muzima, njo tuanze tena.”

Wazee wakacheka sana. Jokébed akawauliza: “Mumesema muzima?” Wakasema ndiyo, huku wakipangusa machozi ya kicheko. “Basi mukumbuke mulisema.”

Tangu siku ile kila alichokibania kwenye sombe kiliingia katika mbuzi. Wa kwanza alimnunua akiwa mdogo, akamlea vizuri, na askari waliopita wakamchukua mchana kweupe na kumchinja nyuma ya shule. Jokébed alilia mbuzi yule kuliko alivyolia mkono, na anakiri bila aibu. Akaanza upya na huyu mwekundu. Analala naye chumba kimoja, anatwanga naye, anakwenda naye kanisani na kumwacha mlangoni kwa mama wa usafi. Waumini wameshazoea.

Phinées, alipoulizwa na gazeti hili, alionekana kuchoshwa na habari hizo. “Miye nilifuata desturi,” alisema. “Anataka nini tena? Nikate wangu nimupe?”

Hapana, patron, hataki mkono wako. Anachotaka Jokébed anakieleza kwa maneno machache. Anataka mashine ndogo ya kusaga sombe, ambayo mtu wa mkono mmoja anaweza kuiendesha, iwe na kifuniko. Na ule mkanda wa depo nao ufunikwe, kwa sababu Berthe bado yuko pale, na sasa kazi ya majivu ni yake.

“Bati moja tu,” anasema Berthe taratibu. “Hata leo halijarudi.”

Baraza linakaa Alhamisi hii. Jumapili kabla yake, baada ya ibada, Gamaliel amefika nyumbani kwa shemeji yake, buti mkononi asije akachafua sakafu. Anamtazama mbuzi, kisha anatazama ukuta.

“Mama Précieux, tumuuze. Batoto bavae. Ile mambo ilipita.”

“Ilipita wapi, shemeji? Kwangu haikupita.” Anainua kipande cha mkono. “Angalia.”

“Patron atanifukuza.”

“Weye njo ulipokea kamba. Desturi inasema mwenye alipokea njo anarudisha. Kamata.”

Anamnyooshea kamba. Mkono wa Gamaliel unaanza kwenda, halafu unarudi mfukoni.

“Nisamehe,” anasema kwa sauti ya chini. “Niko na batoto.”

“Na miye? Niko na mawe?”

Gamaliel anaondoka, akivalia buti njiani. Jokébed anamwacha afike mbali ndipo anapotema mate. Kisha anakaa chini, mbuzi anakuja kunusa mfuko wa aproni yake, naye anamsukuma kichwa kwa hasira isiyo ya mbuzi.

“Mwoga,” anasema. “Alikula bila kuogopa.”

Basi Alhamisi atakwenda mwenyewe. Amekwisha kumwambia mzee wa mzaha ule, na mzee hakucheka mara hii. Alikubali kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwake, na kwamba mbuzi yu hai. Berthe ataomba ruhusa depo ili aje, na asipopewa atakuja tu. Njia imeshapangwa: kupita katikati ya soko, kila mtu aone, hadi mbele ya wazee na Phinées.

Muuza chumvi wa meza ya jirani amemwonya. Mbele ya wazee, kumkabidhi tajiri mbuzi kwa mkono wa kushoto? Atasema umemtukana, baraza livunjike hapo hapo.

Jokébed amelifikiria hilo siku nyingi, mchi ukipanda na kushuka.

“Batu bote ba soko naomba bao musamaha ya huu mukono,” anasema. “Yeye, hapana. Nitamupa na kushoto. Akisema ni matusi, nitamwambia: sawa, patron, nirudishie ya kuume, nikupe muzuri.”