Jino la Mama Mukwe

Ndugu zangu, mambo ya Wamaza, ukoo wa muke wangu, nayasema mimi mwenyewe, kwa sababu huku Kasongo kila mutu anayasema kwa kuongeza chumvi yake, na aibu ni yangu, si yao.

Munanijua. Shule niliachia primere ya tatu, lakini nyumba ya mabati iko, pikipiki iko, butike sokoni iko, na vyote nilijifunza kwa macho tu. Basi nilipoona ndani ya telefone muzungu mumoja anachonga sura za watu juu ya pesa za chuma, nikasema hii nayo nitaiweza. Nikanoa kipande cha tupa mpaka kikawa kikali, na kwa kuwa pesa za chuma kwetu hazipatikani tena (ni zile za zamani tu, zimelala ndani ya masanduku ya wazee), nikajizoeza kwanza juu ya masufuria ya bibi yangu Zaina. Kila mufuniko niliandika jina langu. Zaina akakunja nguo zake. "Nimechoka kupika ndani ya jina lako," akasema, akarudi kwa mama yake, kule kwa Wamaza.

Watu wote waliniambia: peleka kikwembe, kitenge kizuri cha mama mukwe, omba musamaha, muchukue bibi yako. Mimi nikaona kikwembe hata mujinga anapeleka; nikatafuta pesa moja ya chuma kwa muzee, nimuchonge mama mukwe mwenyewe. Sasa, kwetu mukwe hatazami mama mukwe usoni, akipita unaangalia miguu yako, kwa hiyo sura yake sikuijua. Nikachukua picha ya Zaina, nikaongeza mikunjo. Mwingine angefunga ule mudomo, lakini mimi (kiburi hicho!) nikamuchekesha, nikapanga meno yote, na kwa yale ya mbele mukono ukateleza, jino moja likaenda. Nikasema, kitu kidogo kama ukucha, nani ataona?

Wamaza waliona. Siku niliyoipeleka, pale barazani kwao, mujomba wa Zaina aliigeuza kwenye jua, akaipitisha, ikafika upande wa wanawake, nikasikia shangazi mumoja: "Mama yangu! Hata pengo ameliweka!"

Kumbe mama mukwe iko na pengo, pale pale, na miaka yote anasema na watu akifunika kinywa kwa kikwembe.

"Mukwe," mujomba akaniuliza, "kinywa cha mama yako ulikitazama wapi?"

"Chombo kiliteleza, baba!"

"Kikateleza mpaka kwenye pengo lenyewe?" Na akasema mutu asiye na heshima namna hii hawezi kurudishiwa mutoto wao.

Hapo Zaina akatoka jikoni. "Baba, hasemi uongo. Huyu hajui kuchonga. Alichonga tembo juu ya sufuria yangu, majirani wakaniuliza birika hii ni ya nini. Wee, sema mwenyewe!"

Mimi, mutu wa nyumba ya mabati, nikasimama mbele ya ukoo muzima nikasema kwa sauti: "Sijui kuchonga. Mukono wangu ni mubovu." Nyuma ya wanawake mutu akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha kinywa wazi, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Niliangalia miguu yangu.

Nililipa mbuzi ya heshima, na kikwembe pia, na Zaina nikarudi naye. Ile pesa mama mukwe aliifunga kwenye pembe ya kikwembe chake, anaonyesha wageni. Kuchonga sikuacha, lakini sura ya mutu, wallahi, sitaigusa tena. Siku hizi ninachonga kuku tu. Kuku haina meno.