Mshenga wa Pande Mbili

Ukitaka kujua kama mvua inanyesha, usimuulize ndugu yangu Fanuel. Toa mkono dirishani mwenyewe. Ukimuuliza yeye atakuambia kwamba kwa upande mmoja matone yanaanguka, na kwa upande mwingine upepo wa ziwani hupenda kurusha matone hata pasipo mvua. Akimaliza, omena, dagaa wetu wa ziwani, niliowaanika wameshalowa.

Hakuzaliwa hivyo. Tulizaliwa Muhuru Bay, mimi Dolphine kifungua mimba na yeye kitinda mimba, na utotoni alikuwa mtoto kama wengine, akitaka kitu analia. Ugonjwa aliupatia Homa Bay, alipopelekwa kozi ya walimu. Huko walimfundisha insha ya hoja. Unachukua jambo, tuseme maisha ya mjini na ya shambani, unaeleza uzuri wake bila upendeleo, unaeleza ubaya wake bila chuki, halafu unafunga kwa kusema wewe unasimama wapi. Alirudi Migori akawafundisha darasa la saba mpaka wakaiota. Ubaoni aliandika kwa herufi kubwa: insha isiyo na hitimisho ni ng'ombe asiye na mkia, nzi watamla. Mtoto aliyesahau hitimisho alikatwa alama bila huruma. Lakini nje ya darasa, la kwake mwenyewe hakuna aliyewahi kulisikia.

Tulipomzika jirani yetu Mzee Wangwe, Fanuel alipewa nafasi ya kusema machache. Akasema marehemu alikuwa mkarimu, na wanawake wakaitikia kwa kilio. Kisha akasema, kwa upande mwingine, kuna jembe. Marehemu aliliazima kwetu akiwa mzima na hakulirudisha. Kilio kikakatika hapo hapo, na mjane akatuma mtu akalitafute. Kanisani nako, Sabato moja alipewa mahubiri kuhusu Shetani, na ilibidi mchungaji amvute koti kabla hajaingia hoja ya pili ya kumtetea.

Hata mke hakuoa. Palikuwa na Roseline, msichana wa Karungu, aliyempenda wazi wazi bila kuficha. Fanuel akakaa kumpima. Anapika vizuri, lakini anacheka kwa sauti. Anacheka kwa sauti, lakini ni mcha Mungu. Alipokuwa bado anapima, Roseline akaolewa na karani wa pamba. Fanuel akaenda harusini, akala wali, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakumtaja tena, na sisi hatukumtaja mbele yake.

Sasa niambie, mtu kama huyo unamtuma kuposa?

Mimi nisingemtuma. Nililazimishwa. Mwanangu Maurice, fundi wa baiskeli pale soko la Migori, alimpenda Gesare, binti wa Mzee Monari, Mkisii aliyenunua shamba karibu na Rongo. Alimpenda mpaka akawa anafunga gurudumu la mbele nyuma. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mzigo ulikuwa wangu. Hiyo ilikuwa sitini na saba, na Mjaluo kuposa kwa Wakisii lilikuwa jambo la kutia watu tumbo joto, kwao na kwetu. Isitoshe, palikuwa na mposaji mwingine, Nyamweya, mwenye duka, mtu wa kwao, na mshenga wake alikuwa ameshafika kumsifu mpaka mate yakamkauka. Tulipotuma salamu, Mzee Monari alijibu jambo moja tu. Mtu wa ziwani atakayemsikiliza ni Mwalimu Fanuel, aliyemfundisha binti yake. Aje Jumapili. Akishamsikia atatoa neno, na binti ataenda kwetu au kwa Nyamweya.

Nilikaa chini nikalia. Maurice akanibembeleza.

"Mama, mjomba atasema vizuri."

"Atasema vizuri," nikamwambia, "halafu atasema vibaya, halafu atakaa."

Nikamwita Fanuel kwangu, nikamkaangia ngege mkubwa, nikamketisha karibu na meko nimwone usoni.

"Ndugu yangu, rudia. Maurice ni kijana mzuri."

"Maurice ni kijana mzuri."

"Nyamaza hapo hapo."

"Lakini dada..."

"Hakuna lakini. Kula samaki."

Akala kidogo, akajipangusa mdomo. "Dada, mshenga anayesifu tu ni kama insha ya upande mmoja. Anayesahihisha anaijua kutoka mstari wa kwanza."

"Mzee Monari hasahihishi insha. Anaoza mtoto. Ukinipotezea huyu msichana, Fanuel, samaki wangu hutaonja tena mpaka Yesu arudi."

Alilipima hilo, nikaona kabisa analipima, kisha akaahidi.

Kwa mila yetu mama hamfuati mshenga. Nilimfuata. Nani angemwacha Fanuel aende peke yake? Tukapokelewa vizuri, na Nyasuguta, mke wa Monari, akatuletea ndizi na maziwa. Sisi Kikisii hatukijui na wao Kijaluo hawakijui, basi tukaongea Kiswahili, kila mtu na chake. Gesare alikuwa jikoni, mlango wazi, na nilijua sikio lake liko wapi.

Fanuel alianza vyema, sina la kusema. Maurice ana kazi ya mikono, akasema. Ana heshima, hanywi, anasali. Alipofiwa na baba yake aliwasomesha wadogo zake kabla hajajinunulia viatu. Mzee Monari alikuwa akitikisa kichwa taratibu, na mimi nikaanza kuonja maziwa.

Ndipo mzee akauliza, "Na mabaya yake, Mwalimu?"

Swali hilo huulizwa katika kila posa, kwao na kwetu, na jibu lake kila mshenga analijua. Unacheka. Unasema kijana hana baya, labda anakula sana. Watu wanacheka nawe, chakula kinaletwa, mambo yanaendelea. Kumbe ndugu yangu ameulizwa swali alilolingoja tangu Homa Bay. Nikamwona anasimama. Akanyoosha koti. Nikakiweka kikombe chini.

"Upande wa pili," akasema.

Akaanza. Maurice hajui jembe, kwa hiyo kwenye shamba kama hili atakuwa mgeni. Kanisani husinzia wimbo wa kwanza haujaisha. Ana hasira za karibu. Mwaka uliopita mteja alimtukana, naye akachukua pampu ya mteja akaitupa Mto Migori, tena ilikuwa pampu mpya. Mama yake alipougua malaria alimpakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka hospitali, jambo jema, lakini alinung'unika njia nzima.

"Mwisho," akasema, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba kuna mwisho, "ni mama yake. Ndiye huyu hapa. Ana ulimi. Mke wa Maurice ataishi na ulimi huo asubuhi na jioni."

Akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, immeze yeye na koti lake.

Mzee Monari alisogeza kiti chake karibu naye. Kisha akasema, "Mwalimu, nilituma watu Migori mwezi uliopita. Tulimchunguza kijana wenu, na Nyamweya pia. Mambo ya jembe na usingizi nilikuwa nayo. Pampu ninayo; mwenye pampu ni jamaa yangu. Mshenga wa Nyamweya nilimuuliza kama nilivyokuuliza wewe, akaniambia kijana wake hana hata kovu, na mimi ninajua alichokificha." Akanigeukia. "La ulimi ndilo jipya."

"Sasa umelijua," nikasema. Nilikuwa na hasira, nisingeweza kunyamaza.

Nyasuguta akacheka, akaziba mdomo kwa leso. Nikadhani tumepona. Lakini mzee hakucheka.

"Umenipa mazuri, umenipa mabaya," akamwambia Fanuel. "Wewe kijana huyu umemwona akikua. Binti yangu umemwona. Nimpe au nisimpe?"

Na ndugu yangu, Mungu amsamehe, akajibu, "Mzee, uamuzi ni wako. Mimi nimeweka pande zote mezani."

"Nakuuliza wewe."

"Kwa upande mmoja..." akaanza Fanuel.

Mzee Monari akaishika fimbo yake. "Kama mjomba mtu hawezi kusema ndiyo," akasema, "mimi mgeni nitasemaje?" Akaanza kuinuka. Nikajua akishasimama wima tumekwisha, na nitarudi Migori kumwambia mwanangu. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno halikutoka.

Gesare ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga.

"Samahani, baba. Mwalimu, nikiwa darasa la saba niliandika insha yako ya mji na shamba. Nilikosa kuweka hitimisho, ukanikata alama, ukanisimamisha mbele ya darasa nisome maneno ya ubaoni. Uliniambia nilikuwa ninajua jibu, niliogopa tu kuliandika. Nililia siku hiyo. Leo ni zamu yako."

Msichana wa watu kusema hivyo mbele ya baba yake. Nikampenda palepale.

Fanuel akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwalimu.

"Mzee, nilimjua msichana mmoja, anaitwa Roseline. Nilimpima. Kila alichokuwa nacho nilikiweka upande wake, sikumwonea. Nilikuwa sijamaliza siku niliyopewa wali wa harusi yake." Akaiweka miwani mfukoni. "Kwa upande mmoja, wali ulikuwa mtamu."

Tukangoja upande wa pili. Haukuja. Nyasuguta aliinamisha kichwa, na mimi, hasira zote zikanitoka, nikaona ni yule mdogo wangu wa Muhuru aliyekuwa akitaka kitu analia.

"Mpe Maurice," akasema Fanuel. "Ningekuwa na binti, ningempa mimi."

Mzee Monari akakaa tena. Akailaza fimbo chini, akamwambia mkewe kwa Kikisii maneno machache ambayo sikuyaelewa, na Nyasuguta akapiga kigelegele, hicho nikakielewa. Chakula kikaletwa. Gesare aliponinawisha mikono aliinama akaniambia taratibu, "Mama, ulimi wako tutauzoea. Na mimi ninao."

Jioni tulisimama Rongo kando ya barabara, mimi na ndugu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kuhusu ule ulimi, mengi na makali, lakini nilipomtazama nikayameza. Basi likaja limejaa, kuku mpaka juu ya paa. Kwa mazoea nikajiandaa kungoja.

"Fanuel, tupande hili au tusubiri la nyuma?"

"Hili," akasema, na alikuwa ameshaweka mguu ngazini.