Uso wa Antal

Gaudence anaishi Xiaobei, mtaa wa jiji la Guangzhou, Uchina, ghorofa ya sita, katika chumba kimoja ambacho dirisha lake linatazama nguo za majirani zilizoanikwa. Kwa miaka kumi na moja ukuta wake ulikuwa na kitu kimoja tu: kinyago cha mti chenye pembe halisi za kondoo dume, rangi yake kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Jirani yake Zulekha, Mzanzibari anayekusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Unguja na Dar na kuipeleka uwanja wa ndege, hakupenda kuvuka kizingiti kile. Alikuwa akibisha hodi na kungoja.

"Kaka Gaudence, mfunike mgeni wako nikuletee chai."

Gaudence alikuwa akitupia taulo juu ya pembe, na chai ikaingia.

Yeye ni Mmakonde wa Newala. Alifundishwa kuchonga na mjomba wake, na kazi yake ya kwanza ya kujivunia ilikuwa lipiko, kile kinyago kinachovaliwa kichwa kizima wakati wa jando, mvaaji asijulikane ni nani. Mwaka mmoja kikundi chao cha wachonga vinyago kilialikwa Mohács, mji wa Hungaria ulio ukingoni mwa mto Danube. Huko kila Februari watu hufukuza baridi kwa vinyago. Wanaume huvuka mto kwa mitumbwi wakiwa wamevaa nyuso za mti na ngozi za kondoo, wakipiga makelele kwa vyombo vya mbao, na jioni ya mwisho jeneza la majira ya baridi huchomwa moto uwanjani. Nimetazama sherehe za namna hiyo katika nchi kadhaa, na nyingi siku hizi huchezewa kamera. Gaudence anasema ile haikuwa hivyo, walau ndani ya karakana ya Antal haikuwa.

Antal alikuwa seremala aliyechonga nyuso za sherehe ile. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Walikaa siku tano wakipokezana patasi, mmoja akimwonyesha mwenzake jinsi ya kufungua jicho. Uso ambao Antal mwenyewe aliuvaa alikuwa ameupaka damu ya ng'ombe kila mwaka kwa miaka thelathini, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu baba yake alifanya vivyo hivyo. Siku ya kuondoka aliutoa ukutani akampa Gaudence. Gaudence akamwachia lipiko lake.

Mwaka huohuo biashara ilimleta Guangzhou, na patasi zikabaki Tanzania. Siku hizi anawanunulia wenye maduka wa Mtwara vitu vya kuchezea na madaftari katika Barabara ya Yide, kisha anavipanga kwenye maboksi mchanganyiko.

Ilikuwa huko Yide, Novemba iliyopita, kwenye kibanda cha laoban Liang, yaani bosi Liang, tajiri wa vitu vya kuchezea aliyezoeana naye. Juu ya meza palikuwa na sampuli ya kinyago cha plastiki, kimenakiliwa kutoka kwenye picha kwa ajili ya mteja wa Ulaya. Gaudence aliitambua sura ile mara moja. Ni sura ya Mohács. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa kama wa mtu anayeumwa jino, na mashavu hayakuwa na mfupa. Angeweza kupita. Badala yake alimweleza Liang kwamba aliyeuchonga mdomo ule hajawahi kuuona wa kweli, na kesho yake akaleta kinyago cha Antal kwenye mfuko ili wauone ulio sahihi. Hakudai chochote. Aliwaachia kwa siku tatu.

"Sikuweza kuuvumilia ule mdomo," aliniambia. "Basi. Ni hilo tu."

Alipokifuata alikuta uso mweupe. Vijana wa kiwandani walikuwa wamemimina raba ya maji juu yake ili wapate umbo, ikaganda, wakaibandua, na damu ya miaka thelathini ikaondoka na raba. Liang hakuelewa kosa liko wapi. Mti ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Akajitolea kuupulizia rangi ya kahawia palepale.

Gaudence alikirudisha ukutani. Zulekha alipokuja na chai hakuomba kifunikwe.

"Mgeni wako ameumwa?" aliuliza.

Mwezi Januari ilikuja simu ya video kutoka Mohács. Alikuwa Ilona, binti wa Antal. Baba yake alifariki kabla ya Krismasi. Kwa Kiingereza cha polepole aliomba jambo moja: mwaka huu uso wa baba uvuke mto tena, uvaliwe na mwana wa Ilona, kisha wataurudisha. Halafu akageuza simu kumwonyesha ukuta wa karakana. Lipiko lilikuwa palepale, limepanguswa vumbi, na zile nywele za binadamu alizozibandika Gaudence kwa nta hazikupungua hata unywele mmoja. Gaudence aliielekeza simu yake darini, ukuta usionekane, akasema atautuma.

Mwaka huu Jumanne ya kuchoma jeneza iliangukia siku ileile ya Mwaka Mpya wa Kichina, na Ramadhani ikaanza keshoye. Zulekha alikuwa amezama katika mizigo ya futari. Alimwambia ndege ya mwisho ya Ulaya yenye nafasi ni ya Jumamosi. Baada ya hapo jiji zima linafungwa. Zilibaki siku nne.

Gaudence alimwomba ampeleke kwa mchinjaji wake.

"Unataka nyama gani?"

"Damu."

"Damu ni najisi, kaka. Ukiwa na mimi sema unataka maini."

Alikwenda peke yake kwenye soko la Wachina, ambako damu ya nguruwe huuzwa imegandishwa, inatetemeka kwenye beseni. Hiyo haikumfaa. Akamwomba muuza nyama ya ng'ombe, akarudi na chupa. Alikilaza kinyago mezani, akachovya brashi, akakaa nayo mkononi mpaka ikakauka. Zulekha alimkuta hivyo.

"Antal alipaka miaka thelathini," Gaudence alisema. "Mimi nipake kwa dakika kumi?"

"Basi mwambie binti yake."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemvua baba yake nguo. Asije akayaona hayo mbele ya watu."

Aliandika mistari mitatu, simu ikamtafsiria, akatuma. Siku mbili hakujibiwa. Jumamosi Zulekha alilifunga boksi kwa utepe wa gundi mwenyewe.

Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya kuvuka mto, Xiaobei ikiwa kimya na milango ya maduka imeshushwa, ilifika video fupi. Mitumbwi inakuja, nyuso zote za kahawia, na katikati yao mmoja mweupe kama mfupa. Chini yake Ilona alikuwa ameandika: "Wameniuliza nani aliuvua rangi. Nimewaambia ni rafiki wa baba." Gaudence aliisoma mara nyingi, asijue kama amesamehewa. Akajibu kwamba uso ubaki huko, usirudishwe.

Maduka yalipofunguliwa alikwenda Yide. Vinyago vya plastiki vilikuwa vimepangwa hadi darini, na mdomo ulikuwa sahihi. Chini ya meza aliona kimoja kimetumiwa kuwekea misokoto ya utepe wa gundi. Kilikuwa cha kwanza kutoka kwenye umbo lile la raba, kimetoka na madoa, Liang akakitupa. Gaudence alikigeuza kwenye mwanga. Kwenye paji na mashavu, ndani kabisa ya plastiki, magamba ya kahawia, yaliyoondoka na raba, yalikuwa yamenasa. Liang alimpa bure.

Alikitundika kwenye msumari uleule. Jioni Zulekha, akiwa na saumu yake, alisimama mlangoni akakitazama.

"Huyu naye tumfunike?"

Gaudence akakishusha, akamwomba boksi.

"Damu si yangu," alisema. "Nipimie. Iende Mohács na mzigo wa Jumatatu."