Kalibu Niliyoiosha

Juu ya kabati la vyombo, hapa nyumbani kwetu nje kidogo ya Wote, kuna ubao wa mti wa mukau wenye urefu kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Una mashimo na mistari ya penseli, na juu yake vimesimama vipande vya mbao vilivyokatwa mifereji myembamba. Ukiuweka juu ya meza iliyonyooka na kubonyeza kona ya nyuma ya kushoto, unagonga meza: tok. Ukiachilia, kona inainuka tena. Haiinuki sana. Unaweza kuingiza kadi mbili za simu chini yake, ya tatu ikakataa.

Ubao huo ni kalibu ya marehemu mume wangu, aliyokuwa akiundia ndege za mbao. Niliuharibu mimi, na sikumwambia. Alikufa akiamini kwamba kilichoharibika ni macho yake.

Alikuwa mchongaji kama baba yake. Kwa miaka mingi alichonga twiga na vifaru, nami nilipiga msasa na kupaka nta, kazi ambayo wake wengi wa wachongaji huifanya. Kisha mwenye duka la vinyago kule Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, akamletea picha ya ndege ya zamani, zile zenye mabawa mawili kila upande, moja juu na moja chini, yakishikiliwa na nguzo ndogo na waya. Akamuuliza kama angeweza kumtengenezea kumi zinazofanana.

"Twiga wawili hawafanani na hakuna anayelalamika," mume wangu aliniambia tulipokuwa tukila. "Lakini ndege ikikosea bawa, hata mtoto ataona."

Ndiyo maana akatengeneza kalibu. Ilimchukua karibu mwezi. Alichora ndege nzima kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kila futi moja ya ndege ya kweli ikawa nusu inchi kwake, halafu akaihamisha michoro ile kwenye ubao. Mwili wa ndege ulilala hapa. Bawa la chini liliingia kwenye mfereji huu. Bawa la juu lilikaa juu ya vigingi vinne mpaka gundi ya zile nguzo ndogo ikauke. Aliazima pima-maji kwa mwashi jirani yetu, akapima, akavuta uzi huku na huku, akang'oa kigingi, akakipigilia tena. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda hivyo na bado hajatengeneza hata ndege moja.

"Nikimaliza hii sitapima tena maisha yangu yote," alisema. "Mtu huchoka, mama. Hii haichoki."

Na ilikuwa hivyo. Ukishaweka kipande mahali pake ulikuwa huna la kuamua, ubao ulikwisha kuamua. Hata mimi niliweza kuunganisha ndege, mimi niliyeishia darasa la saba. Ndege ya kwanza hakuiuza. Aliifunga uzi wa nailoni akaining'iniza sebuleni, na upepo ukiingia mlangoni iligeuka polepole, ikamwangalia kila aliyeketi.

Baada ya ndege nyingi kalibu ilikuwa imejaa gundi iliyoganda, nyeusi kwa vumbi. Mwezi wa Desemba tulikuwa tunawatarajia wenzetu wa ushirika wa nyumbani, na mimi ni mtu wa usafi, sifa hiyo ninayo kanisani. Mume wangu alikuwa amekwenda Migwani kwa ndugu yake kutafuta mbao. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nilichemsha sufuria kubwa ya maji, nikaimwagia kalibu, nikaisugua kwa brashi mpaka gundi ikatoka yote. Kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi nimekiosha kwa maji ya moto tangu niolewe na hakijawahi kunilaumu. Kisha nikaipandisha juu ya mabati ya jikoni, saa sita mchana, ikauke.

Nilipoishusha ilikuwa nyeupe na nzuri. Nikaiweka mezani. Tok.

Nikabonyeza tena. Tok. Nikaigeuza, nikaiwekea mawe mawili ya kusagia na debe la ndengu, nikaiacha mpaka kesho yake. Ilishuka kiasi. Haikushuka yote.

Aliporudi aliishika kwa mikono miwili akacheka. "Nani amenifulia kalibu?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Imekuwa bibi harusi."

Hakuiweka mezani. Aliipeleka moja kwa moja kwenye banda la kazi, akaipigilia misumari miwili ukingo wa mbele kama kawaida yake, juu ya benchi la mbao zisizorandwa, ambalo lenyewe halikuwa limenyooka. Pale haikulia. Nilisimama na kikombe chake cha chai mkononi nikisubiri ilie, ili nisilazimike kusema. Haikulia, nami sikusema.

Ndege zilizofuata zilionekana sawa zikiwa ndani ya kalibu. Zikitoka, bawa la juu la kushoto lilikuwa limeinuka. Mwenye duka aligundua alipozipanga kwenye rafu. Alizirudisha sita ndani ya katoni.

"Mzee, ndege zako zimelewa," alisema, akiishika moja mbele ya uso wake. "Na wewe ni mtu wa kanisa."

Tulicheka sote, mume wangu pia. Alipoondoka, mume wangu alizipanga zote sita juu ya benchi, akarudi nyuma hadi mlangoni, akaziangalia kwa muda mrefu.

Alibadilisha gundi. Alibadilisha mbao. Alizikata upya zile nguzo ndogo, moja moja, akizilinganisha kwa kucha. Kila kitu alikishuku isipokuwa ule ubao, kwa sababu ubao alikuwa ameupima kwa mwezi mzima na alijua haukosei. Mwishowe akasema ni macho. Alikwenda kupimwa mjini, akapewa miwani ya kusomea, na siku hiyo akafungua Biblia akasoma sura nzima bila kuisogeza mbali.

"Unaona?" aliniambia. "Kumbe yalikuwa yamekwenda kitambo."

Niliishikilia sana miwani ile. Nilijiambia kwamba daktari mwenyewe ameandika, si mimi. Na ni kweli macho yake yalikuwa yamezeeka, sikulitunga hilo. Lakini mtu anayesimama mlangoni akaona bawa limeinuka kwa unene wa kadi mbili, macho yake yana kasoro gani? Swali hilo lilinijia nikichambua ndengu, na nikaendelea kuchambua. Sikuwa na hakika kwamba ni kalibu. Nilijua vya kutosha.

Akiwa na miwani alitengeneza ndege mbili zaidi. Zilitoka kama zile sita. Akalifunga tezo lake ndani ya gunia, na patasi, na randa, akaviweka chini ya kitanda. Hakurudi hata kwa twiga. Alisema mtu asiyeona bawa atakosea na shingo.

Baada ya hapo nilianza kumkuta dirishani. Alasiri, jua likiwa upande wa banda, alisimama na kidole kimoja mbele ya uso, akifumba jicho hili, kisha lile, akilinganisha kidole na nguzo ya lango. Nikiingia alishusha mkono kana kwamba alikuwa anafukuza nzi. Siku moja nilimwambia, "Baba, ile kalibu..."

"Iache," alisema. "Haina makosa. Usiitafutie makosa kwa ajili yangu."

Alisema kwa upole, akidhani ninamfariji. Nami nikakubali kuonekana mtu anayefariji.

Ushirika wa nyumbani ulipofika kwetu tena, aliomba aombewe macho. Walimkalisha kwenye kiti katikati ya chumba, chini ya ile ndege iliyoning'inia. Mama mmoja mzee, mkubwa wetu katika ushirika, aliweka viganja vyake viwili juu ya macho ya mume wangu. Wengine walishika mabega. Mimi nilishika mkono wake wa kulia, ule wa tezo, na mwisho wa maombi nikasema amina pamoja nao. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imeanza kulainika.

Alikufa mwaka uliofuata, asubuhi, akipalilia mbaazi. Walisema ni moyo. Kwenye mazishi kila aliyesimama alisema alikuwa fundi hodari mpaka macho yalipomwacha. Nilikuwa nimekaa mbele, nimejifunika leso, na kila waliposema hivyo nilisikia tok, wazi kabisa, kama mtu amebonyeza ubao nyuma ya kiti changu.

Naisikia bado. Mlango wa banda ukipigwa na upepo, kifuniko cha sufuria kikitua vibaya.

Ile ndege ya kwanza iliendelea kuning'inia. Ilikuwa imetengenezwa kabla sijaiosha kalibu. Kama nayo ilikuwa imepinda, basi kasoro ilikuwepo tangu mwanzo na mimi sina hatia. Kama imenyooka, ni mimi. Ilikuwa inatosha kupanda kiti na kuipima. Kwa miezi minane nilifagia chini yake bila kuinua uso.

Kisha ndugu yake akaja kutoka Migwani. Naye ni mchongaji. Mwenye duka wa Kibwezi alikuwa amemwomba aendeleze zile ndege.

"Nimekuja kuchukua kalibu, shemeji," alisema, akimaliza chai. "Macho yangu bado ni ya kijana. Nitaziweka sawa."

Nilileta ule ubao. Nilikuwa nimeshaufunga kwenye gazeti, tayari kumpa. Akilini nikamwona akiupigilia kwenye benchi lake kule Migwani. Nikaona ndege zikirudishwa kwake ndani ya katoni, naye akisimama dirishani na kidole mbele ya uso. Nikaufungua. Nikauweka mezani mbele yake, nikabonyeza kona.

Tok.

"Niliiosha," nikasema. "Kwa maji ya moto. Nikaianika juu ya mabati. Yeye hakujua."

Alibonyeza mwenyewe. Tok. Akabonyeza tena, na tena, mpaka nikataka kumshika mkono.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Hata akiwa amelala mgonjwa?"

"Hakulala mgonjwa. Hakunipa nafasi hiyo." Nikasikia nilivyosema, nikajirekebisha. "Nafasi nilikuwa nazo. Nyingi."

Ana uso wa mume wangu kuanzia pua kwenda chini, na siku hiyo sikuweza kuuangalia. Halafu akainua macho kwenye dari.

"Ile ni ya lini?"

"Ya kabla."

Alipanda kiti, akakata uzi wa nailoni, akaishusha ndege na vumbi lake lote. Akaiweka mezani. Akatoa uzi mfukoni, kila mchongaji anao, akanipa ncha moja. "Shika kwenye ncha ya mkia."

Nilishika. Alivuta uzi hadi ncha ya bawa la juu la kulia, akaubana kwa kucha mahali ulipofika. Kisha akauhamisha upande wa kushoto. Niliomba, Mungu anisamehe, niliomba liwe limepinda.

Uzi ulifika palepale. Akapima kutoka mezani kwenda juu, kulia, kushoto. Palepale.

"Alikuwa fundi," shemeji alisema. Hakusema na mimi. Aliifunga ndege ile kwenye gazeti nililokuwa nimefungia kalibu, ili atengeneze kalibu mpya kwa vipimo vyake. Mlangoni aligeuka. "Huo ubao uchome ukitaka. Mimi siwezi kuubeba."

Sikuuchoma. Jumapili iliyofuata ushirika ulikuwa kwetu. Wakati wa ushuhuda nilisimama. Niliwaambia kwamba macho ya mume wangu tuliyoyaombea chumbani humu yalikuwa yanaona. Niliwaambia habari ya maji ya moto, mabati, mawe ya kusagia, na kwamba nilimshika mkono nikasema amina nikijua. Sikulia. Nilikuwa nimeogopa kulia, kwa sababu wangekuja kunikumbatia kabla sijamaliza.

Hakuna aliyekuja. Yule mama mzee aliyekuwa ameweka viganja juu ya macho ya mume wangu aliviangalia vile viganja, kimoja, kisha kingine.

"Sasa siku ile," aliuliza, "sisi tulikuwa tunaombea nini?"

Aliniuliza mimi. Alikuwa anataka kujua. Nilimwambia sijui, nikaenda jikoni kuleta chai.